Je, gemu zenye matoleo mengi huchakaa kwa sababu ya kujirudia?

Nahodha wa Pangani ameuliza:

Wana jukwaa, naomba mnisaidie kulifikiria jambo ambalo nimelizungusha kichwani peke yangu kwa muda mrefu bila kulimaliza. Nimecheza gemu za Assassin's Creed, zile za muuaji wa siri katika miji ya kale, tangu toleo la kwanza la mwaka 2007, nikiwa bado mwanafunzi, na ndizo zilizonifundisha kuutazama mji wa kale kama kitu chenye paa za kukimbilia, kuta za kupanda na vichochoro vya kujificha. Mwaka huu nilianza kucheza Valhalla, toleo la mwaka 2020 linalosimulia jinsi Waviking walivyoingia Uingereza katika karne ya 9. Wiki ya kwanza nilifurahi kama zamani. Kufikia wiki ya tatu niligundua kwamba mikono inacheza lakini akili imekwenda zake: napanda mnara, ramani inafunguka, alama zinajitokeza, naiendea iliyo karibu, nawamaliza walinzi, nafungua sanduku, namrudia farasi. Sikuwa na hasira na gemu, ila furaha nayo haikuwapo. Jioni moja niliizima mashine nikiwa njiani kati ya alama mbili, na sijaiwasha tena.

Napenda niseme wazi kwamba sioni mahali ambapo watengenezaji wamelipua kazi. Mito ya Uingereza wakati wa asubuhi yenye ukungu imechorwa kwa upendo, na aliyeyaandika maisha ya kijiji cha Ravensthorpe alikuwa na jambo la kusema. Shida ni kwamba mnara ule nilikwisha kuupanda Damascus, nikaupanda Florence na Venice, nikaupanda Roma, Constantinople, Boston, Havana, Paris, London, Alexandria na Athens. Kila mara nguo za walinzi zilibadilika, na kila mara nilishuka kwa kujirusha kwenye rundo la nyasi.

Swali langu ni hili: gemu ikishafikisha matoleo mengi, ni lazima ichakae kwa sababu inajirudia, au iko namna ya kurudia isiyochosha? Mtoto husikiliza ngano ile ile ya sungura na fisi kila usiku, na msimuliaji akiruka neno moja mtoto humsahihisha, kwa hiyo siamini kwamba kurudia peke yake ni kosa. Nataka kujua tofauti iko wapi. Nauliza pia kwa sababu ya matumizi, maana toleo la Machi 2025, Shadows, linanisubiri dukani, na fedha ya gemu moja nyumbani kwangu ni fedha ya kupangiwa.

Msomaji wa Ramani amejibu:

Ndugu Nahodha, mimi nashauri tuitazame kalenda kabla ya kuulaumu mnara. Toleo la pili la Assassin's Creed lilitoka mwaka 2009, Brotherhood 2010, Revelations 2011, la tatu 2012, Black Flag 2013, kisha mwaka 2014 yakatoka mawili kwa mpigo, Unity na Rogue, na Syndicate likafuata 2015. Hiyo ni miaka saba bila kupumzika hata mmoja. Timu inayojua kwamba Novemba ijayo lazima kitu kiwe dukani haina nafasi ya kukaa na kujiuliza wamepata wazo gani. Inajiuliza kipi kiko tayari, na kilicho tayari siku zote ni cha mwaka jana. Unity lilitoka likiwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba Ubisoft, kampuni inayozitengeneza gemu hizi, ililazimika kuomba radhi hadharani na kuwapa wachezaji nyongeza ya hadithi bila malipo.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 2016 hawakutoa toleo kuu lolote. Mwaka 2017 likaja Origins, katika Misri ya zama za Cleopatra, na karibu kila kitu kilichokuwa kimeganda kikawa kimeguswa: upanga ulianza kumpata adui kulingana na mahali ulipopita badala ya kusubiri kitufe cha kujibu shambulio, tai aitwaye Senu akawa jicho la mpelelezi, na mhusika akawa anakua nguvu kwa hatua kama katika gemu za safari ndefu. Kwangu mimi Origins ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote kwamba mwaka mmoja wa kutulia unaweza kufanya kazi ambayo bajeti kubwa haikuifanya. Kisha Odyssey la mwaka 2018 likauchukua muundo ule ule na kuurefusha, na Valhalla likaurefusha tena, mpaka yale yaliyokuwa mapya Misri yakawa ndiyo haya yanayokuchosha wewe Uingereza.

Kwa anayedhani kalenda si kitu, naomba aikumbuke Guitar Hero. Ilianza mwaka 2005, na watu wazima ambao hawajawahi kushika pedi walisimama sebuleni na gitaa la plastiki wakajiona wanamuziki. Katika mwaka 2009 pekee yalitoka matoleo yasiyopungua manne yenye jina hilo, na Februari 2011 Activision, kampuni iliyoiuza, ikatangaza kuifunga kazi hiyo. Mapenzi ya watu kwa muziki hayakufa katika miaka ile miwili. Walipewa chakula kile kile kabla hawajaona njaa.

Call of Duty, gemu ya vita, imejaribu njia nyingine, ya kuzipa zamu studio tatu ili kila moja ipate miaka mitatu ya kutengeneza toleo lake. Kazi imekuwa na ubora zaidi, nakiri, ila anayenunua bado anapokea moja kila mwaka, kwa hiyo upande wake mapumziko hayapo.

Fundi Pedi amejibu:

Kaka Nahodha, nami nina la kusema, na linatoka kwenye kibanda. Kwa miaka sita nilikuwa na kibanda cha gemu chenye mashine nne za PlayStation 2, televisheni za kichogo na benchi mbili, na katika miaka yote hiyo sijamwona kijana aliyekuja kuniambia kwamba PES 6, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, imemchosha. Gemu ile ni ya mwaka 2006. Waliicheza wakiwa darasa la tano na waliicheza walipomaliza kidato cha nne, na bado walikuwa wakigombania kuishika Inter kwa sababu ya shuti la Adriano. Diski zilikuwa zikija zimebadilishwa majina ya wachezaji na jezi ili ziendane na msimu, na hilo likawa linatosha kabisa. Wala sisi wa vibandani hatukuwa peke yetu, maana Konami yenyewe ilitoa PES 2014 kwa PlayStation 2 mwishoni mwa mwaka 2013, wakati mashine hiyo ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 13.

Nasema hivi kwa sababu naona kuna gemu za kushindana na kuna gemu za kusimuliwa, na tukizipima kwa kipimo kimoja tutazionea zile za kwanza. Mpira wenyewe unarudia: wachezaji 11 kwa 11, dakika 90, magoli mawili. Hakuna anayeamka Jumamosi akalalamika kwamba uwanja ni ule ule. Kinachobadilika ni aliyekaa upande wa pili wa benchi, anavyokujua na unavyomjua, na deni la jana ambalo hajalilipa. Gemu ya mpira ikishapata uzito sahihi wa mpira na kasi sahihi ya miguu, mimi sioni kwa nini mtengenezaji ajitese kuibadilisha ili tu aonekane amefanya kazi.

Lakini siitetei tabia ya kuuza jezi mpya kwa bei ya gemu mpya. Hapo nawapa heshima Konami kwa walichokifanya mwaka 2020: walichukua gemu ya mwaka uliotangulia, wakaweka vikosi vipya, wakaiuza kwa bei ya chini, na juu ya jalada wakaandika waziwazi kwamba haya ni maboresho ya msimu. Mnunuzi alijua anachokinunua. Kinyume chake ni yale matoleo ya FIFA, gemu ya mpira ya kampuni ya EA, yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashine ya Nintendo Switch kwa miaka kadhaa mfululizo, ambayo yalikuja na jezi na vikosi vipya bila chochote kipya cha kucheza. Jina lake la ziada lilikuwa na neno lenye maana ya urithi, lakini mzazi anayemnunulia mtoto zawadi hawezi kuijua maana ya neno hilo mpaka amekwisha kulipa.

Tena tusisahau kwamba hata kubadilisha kunaua. Septemba 2021 Konami hao hao waliliacha jina la PES, wakahamia injini nyingine, yaani programu ya msingi inayoiendesha gemu, wakaileta eFootball bila malipo, na ilipotoka ilikuwa mbichi: nyuso za wachezaji maarufu zimepinda, mpira unapita katikati ya miguu, sehemu nyingi za mchezo bado hazipo. Waliomba radhi, na iliwachukua miezi kadhaa kuifikisha mahali ambapo ingefaa kuanzia. Mimi ningechagua kurudiwa mara kumi kuliko upya wa namna ile.

Kama kuna kurudia kunakochosha katika gemu za mpira, basi ni huku kwa kadi. Tangu mwaka 2009 FIFA ina sehemu inayoitwa Ultimate Team, ambamo unakusanya wachezaji kama kadi na kuijenga timu yako. Toleo jipya likitoka Septemba, kikosi ulichokihangaikia mwaka mzima kinabaki kwenye toleo la zamani nawe unaanza upya na wachezaji dhaifu. Jina la FIFA liliishia kwenye FIFA 23, na tangu mwaka 2023 gemu inaitwa EA Sports FC, lakini kuanza huko upya hakukuondoka pamoja na jina. Uwanja haujanichosha hata siku moja. Kinachonichosha ni kulima shamba lile lile kila mwaka huku mavuno ya mwaka uliopita yakiwa yamefungiwa ghalani.

Bi Kete amejibu:

Kaka Fundi, umesema maneno ambayo mimi ningeyasema kwa bao. Nimekulia Unguja, nyumba yetu ikiwa karibu na baraza ambako wazee walicheza bao la Kiswahili kila alasiri: mashimo 32, kete 64, kwanza namua, hatua ya kuingiza kete ubaoni, kisha mtaji, hatua ya kucheza zilizomo, na sheria hizo hazikubadilishwa na mtu ili wazee wasichoke. Hawakuchoka kwa sababu aliye mbele yako anafikiri. Ukimzoea mpaka ukawa unajua atapanda wapi kabla hajainyoosha mikono, hapo hamu inakwisha, nawe unamtafuta mwingine.

Hapa ndipo napenda kumjibu Ndugu Nahodha, kwa kuwa naona gemu yake imekaa vibaya katika mgawanyo wa Kaka Fundi. Katika gemu ya kusimuliwa, anayekaa mbele yako ubaoni ni mtengenezaji. Yeye ndiye aliyemweka mlinzi pale, akalificha sanduku hapa, akaufunga mlango ule akitaka uhangaike. Kila toleo jipya ni mkono mwingine wa bao kati yako na yeye. Akifikiri upya, unaweza kucheza naye hadi matoleo kumi bila kuhisi saa zinakwenda. Akirudia njia zake zote, hata akibadilisha ubao akauleta wa mninga uliochongwa maua, utamshinda huku unapiga miayo.

Nina mfano unaotugusa sisi wenye lugha hii. Resident Evil 5, gemu ya kutisha ya mwaka 2009, inafanyika katika mji wa kubuni uitwao Kijuju, na maadui wake wanaitwa Majini na wanapiga kelele kwa Kiswahili. Usiku wa kwanza nilipoisikia sauti ya mtu anayenifukuza kwa lugha ya mama yangu, nilisimama. Mji huo umewekwa Afrika Magharibi, ambako Kiswahili si lugha ya mitaani, na jambo hilo liliniuma kidogo na bado linaniuma, lakini mshtuko ulikuwa wa kweli. Ulidumu kwa saa mbili hivi. Baada ya hapo nikaanza kuiona Resident Evil 4 ya mwaka 2005 chini ya ngozi: kamera ile ile nyuma ya bega, wanakijiji wale wale waliovamiwa na kimelea, silaha zile zile za kuboreshwa kidogo kidogo. Walikuwa wamebadilisha nchi, rangi ya jua na hata lugha, ila waliocheza la nne waliujua kila mtego kabla haujafyatuka. Na hofu ilipungua zaidi kwa kuwa Sheva, mwenzako wa kupigana naye, alikuwa kando yako muda wote.

Toleo la 6, mwaka 2012, lilijaribu kuishinda hali hiyo kwa wingi: visa vinne vikubwa, miji inayoteketea, milipuko kila kona. Wapenzi wengi wa mfululizo ule walisema hawautambui tena. Kisha mwaka 2017 toleo la 7 likafanya jambo ambalo nalistahi mpaka leo. Likapunguza. Nyumba moja mbovu huko Louisiana, mwanamume mmoja asiye askari, risasi za kuhesabu, na unaona kwa macho yake mwenyewe badala ya kumtazama kwa nyuma. Mtu anaweza kusema hilo ni toleo jipya kuliko yote, kwa sababu kamera haikuwahi kukaa pale katika matoleo makuu yaliyotangulia. Mimi nasema lilikuwa la zamani kuliko yote, kwa sababu mwaka 1996 gemu ile ilianza na nyumba, funguo, uchache wa risasi na swali moja: nyuma ya mlango huu kuna nini? Swali hilo walilirudia kwa moyo wote, na jibu wakalitafuta upya.

Kwa hiyo, Ndugu Nahodha, ningependa kukuuliza swali moja kabla hujaamua lolote kuhusu Shadows. Ulipoupanda mnara wa Damascus mwaka 2007, ulikuwa unataka kujua nini? Na ulipoupanda wa Uingereza mwaka huu, ulikuwa unataka kujua nini?

Mtu wa Bara amejibu:

Naongeza kidogo tu katika alilolisema Bi Kete. Januari 2013 Eiji Aonuma, anayesimamia gemu za Zelda, za safari na mafumbo, pale kampuni ya Nintendo, alisema hadharani kwamba timu yake imeamua kuyachunguza upya mazoea ya mfululizo ule, kwa mfano kulazimika kuyamaliza mapango kwa mpangilio uliowekwa. Matunda yake yalionekana Machi 2017 katika Breath of the Wild. Zamani ulipata kifaa kimoja ndani ya kila pango na kifaa hicho kikakufungulia pango linalofuata, kama mtu anayepewa funguo moja moja. Safari hii ulikabidhiwa uwezo wako karibu wote katika saa chache za mwanzo, na ukitaka ungeweza kumwendea adui wa mwisho siku hiyo hiyo, ukapigwa, ukarudi na adabu.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja mwaka 2023. Tears of the Kingdom iliitumia nchi ile ile, milima ile ile, vijiji vile vile, ikaongeza visiwa vya angani na giza la chini ya ardhi, na ikampa mchezaji uwezo wa kuunganisha mbao, magurudumu na mapanga ya feni akaunda chombo chake mwenyewe. Nilikuwa naujua kila mlima, lakini nilikuwa nauvuka kwa mashua niliyoigeuza kuwa ndege. Kama kurudia ramani kungekuwa ndiko kuchakaa, gemu ile ingekufa siku ya kwanza. Watengenezaji wanaobadilisha ramani kila toleo huku kazi ya mchezaji ikibaki vile vile wamefanya kinyume chake, na nadhani ndiyo maana gharama inaonekana kubwa na upya hauonekani.

Nahodha wa Pangani amejibu:

Nawashukuru wote, na swali la Bi Kete nimekaa nalo siku mbili.

Kwanza niseme mahali ambapo sikubaliani na Msomaji wa Ramani. Kalenda inaweza kueleza kilichotokea mwaka 2014, lakini haielezi kilichonitokea mimi. Kati ya Odyssey na Valhalla walichukua miaka miwili, na mimi mwenyewe sikuigusa gemu yoyote ya mfululizo huu kwa miaka minne kabla ya kuianza hii. Nilikuwa na njaa ya kutosha. Kwa hiyo kupumzika kunamsaidia mtengenezaji ikiwa katika mapumziko hayo anafikiri, na kunamsaidia mchezaji kwa wiki moja tu.

Sasa kuhusu mnara. Toleo la kwanza lilijirudia kuliko yote, na lililaumiwa kwa hilo tangu lilipotoka: Altaïr, mhusika mkuu, alikuwa na watu tisa wa kuwaua, na kabla ya kila mmoja ilikubidi kusikiliza mazungumzo kwenye benchi, kuiba barua mfukoni mwa mtu, au kumpiga mtu mwingine ngumi mpaka aseme. Mara tisa. Hata hivyo mimi sikuchoka, na sasa naanza kujua sababu. Nilipokuwa juu ya mnara wa Damascus nilikuwa naangalia mji. Nilikuwa natafuta mlinzi anaposimama, paa linapokatika, njia ya kukimbilia baada ya kengele kulia, kwa maana mtu niliyetumwa kumwua alikuwa mahali fulani humo ndani na namna ya kumfikia ilikuwa juu yangu. Uingereza, nilipofika juu, nilikuwa naangalia kona ya skrini kuhesabu alama zilizoongezeka. Sikuitazama nchi kabisa. Nilikuwa nimepewa majibu kabla sijauliza, na majibu hayo yalikuwa mamia.

Kwa hiyo swali langu la kwanza limebadilika. Nilidhani nimechoka kupanda minara. Naona nilichoka kuonyeshwa.

Msomaji wa Ramani amejibu:

Ndugu Nahodha, umenirekebisha na nimekubali: kalenda ni sehemu ya sababu, na sehemu iliyobaki mmeieleza ninyi vizuri kuliko mimi.

Kama ulichokieleza ndicho, basi usiiache Valhalla bado. Tangu Odyssey, watengenezaji wameweka kwenye mipangilio namna ya kucheza ambayo haikuonyeshi moja kwa moja pa kwenda. Unapewa maelezo tu, kwa mfano kwamba mahali hapo pako kusini mwa mto fulani, nawe unatafuta mwenyewe. Valhalla pia ina kiwango cha upelelezi unachoweza kukiongeza hadi ramani ikawa inakusaidia kidogo sana, na alama nyingi za kwenye skrini unaweza kuzizima moja moja. Watu wengi huipita sehemu hiyo mwanzoni kwa haraka ya kuanza kucheza, kisha hawairudii tena.

Ukiona gemu yenyewe ni ndefu mno, iko Mirage ya mwaka 2023, inayofanyika Baghdad ya karne ya 9, ambayo waliifupisha makusudi ili irudi kwenye kujificha, paa na mtu mmoja wa kumfikia. Kuhusu Shadows, nimeicheza. Inafanyika Japani mwishoni mwa karne ya 16, na mmoja wa wahusika wake wawili ni Yasuke, Mwafrika aliyemtumikia kweli Oda Nobunaga. Minara bado ipo, lakini ukifika juu nchi haijifungui yote. Inakubidi utazame, uchague unachokishuku, kisha uwatume wapelelezi wako wakathibitishe. Kazi nyingine ndani yake bado ni zile ulizozizoea, sitakuficha, hasa kuvamia ngome moja baada ya nyingine. Lakini juu ya mnara, pale ulipochoka, wamepafikiria upya.

Nahodha wa Pangani amejibu:

Jana usiku niliiwasha mashine. Nilizima alama zote zilizokubali kuzimika, nikaongeza kiwango cha upelelezi hadi mwisho, nikaendelea kutoka pale pale njiani nilipokuwa nimeachia. Nilipotea kwa muda wa saa nzima kwenye mabwawa ya Grantebridgescire. Farasi alikuwa akizama hadi magotini, ukungu ulikuwa mzito, na ilinibidi nishuke niyafuate matete ya kando ya mto kwa miguu. Nilipoliona paa la kanisa kwa mbali, nilipanda juu ya mti na kulitazama kwa dakika kadhaa bila kujua ndani yake kuna nini wala mlango wake uko upande gani.

Shadows nitainunua nikishaimaliza hii. Kaka Fundi, na kama bado unaihifadhi ile diski ya PES 6, nikija upande wako nitaomba tucheze mkono mmoja, mradi Inter usiichukue wewe.